BANDU BANDU HUISHA GOGO: Jinsi ya Kukomesha Makato ya Kila Mwezi Kwenye Kadi ya Benki

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Kila mwaka kurasa hizi hujaa mashairi, vitendawili na insha za methali. Mimi mwaka huu nimeonelea niwaletee jambo la mfukoni. Nataka kueleza jinsi kampuni iliyo mbali inavyoweza kukata pesa kwenye kadi ya benki kila mwezi bila mwenye kadi kuulizwa, na jinsi ya kuizuia isiendelee.

Huenda mtu akaniuliza, "Wewe mwanafunzi wa shule ya kutwa, kadi ya benki umeipatia wapi?" Kweli, sina. Lakini wazazi wetu wengi wanazo. Walimu wanazo, mafundi wanazo, na hata mama mboga akifungua akaunti siku hizi hupewa kadi. Tena mnajua kwetu mambo huendaje. Simu ikileta ujumbe wa Kiingereza kirefu, anayeitwa kuusoma ni mtoto aliye sekondari. "Hebu njoo uniangalizie, hii ni nini?" Kwa hivyo jambo hili ni letu, na anayeitwa kusoma yafaa ajue anachokisoma.

KUTUMA NA KUVUTA

Wengi wetu tumekua tukiona M-Pesa, ambayo ilianza hapa Kenya mwaka 2007. Ukitaka kulipa unaandika namba, unaandika kiasi, kisha unaweka namba yako ya siri. Usipoiweka, pesa haziendi. Kesho ukitaka kulipa tena, unaanza upya. Yaani mwenye pesa ndiye anayezituma.

Kadi ya benki haiendi hivyo kila mara. Ukiitumia kwenye mashine ya kutolea pesa, utaulizwa namba ya siri. Lakini ukinunua kitu kwenye mtandao, muuzaji huomba yaliyoandikwa kwenye kadi yenyewe: namba ndefu, ambayo kwa kadi nyingi ina tarakimu 16, mwezi na mwaka wa kuisha kwa kadi, na zile tarakimu tatu za nyuma. Mara ya kwanza benki inaweza kukutumia namba ya muda kwenye simu ili ihakikishe ni wewe. Baada ya hapo, kama ulikubali kulipa kila mwezi, muuzaji huiweka kadi yako katika kumbukumbu zake, na mwezi ujao anaiomba benki pesa mwenyewe. Wewe huulizwi tena. Hapa pesa hazitumwi, bali zinavutwa.

Nitoe mfano. Ni kama kumwambia mchuuzi wa maziwa, "Mkebe wa pesa uko pale dirishani. Kila asubuhi acha chupa moja, uchukue shilingi zako." Mpango huo ni mzuri, tena unapunguza usumbufu. Lakini siku ukiacha kunywa maziwa, yeye hajui. Ataendelea kuleta chupa na kuchukua pesa mpaka umwambie, "Basi, kibali changu nimekiondoa."

Neno la kushika ni hilo: kibali. Ukijaza kadi yako na kubonyeza pale palipoandikwa "nakubali", umempa muuzaji kibali cha kuvuta. Kibali hicho hakifi chenyewe. Lazima mtu akiue, na mtu mwenyewe ni wewe.

Ni kweli kwamba tangu mwaka 2024 M-Pesa nayo ina huduma iitwayo Ratiba, inayolipa kwa tarehe zilizopangwa. Hata hivyo hapo anayepanga ni mwenye pesa, na yeye mwenyewe anaweza kupangua akiwa na simu yake.

MLANGO WANAOINGILIA

Makato haya hayaingii kwa kuvunja mlango. Huingia kwa kukaribishwa. Mlango wa kwanza ni ule wa "jaribu bure siku 7". Jiulize, kama kitu ni cha bure, kadi ni ya nini? Jibu liko chini kwa herufi ndogo kama mchwa: baada ya siku 7 utaanza kulipa mpaka utakapojitoa. Muuzaji anajua kwamba watu wengi watasahau siku ya nane.

Mlango wa pili ni kile kisanduku ambacho tayari kimetiwa alama. Unanunua kitu kimoja, kumbe pembeni umekubali na uanachama wa kila mwezi. Mlango wa tatu ni bei inayotajwa kwa mwezi ilhali pesa zinakatwa za mwaka mzima kwa mkupuo mmoja. Mlango wa nne ni bei ya dola. Mtu akiona 9.99 anaona ni namba ndogo. Haya, ibadilishe kwa shilingi uone.

YALIYOMPATA SHANGAZI

Shangazi yangu ni fundi wa cherehani, na kazi yake kubwa ni kushona sare za shule. Mwaka 2024 alitaka kuona mishono mipya, akapakua programu moja ya mitindo ya nguo iliyosema siku 7 ni za bure. Akajaza kadi. Siku ya nne akaona mishono yenyewe si ya huku kwetu, akaifuta programu kwenye simu. Kwa akili ya kawaida, mambo yalikuwa yamekwisha.

Baada ya miezi kadhaa alikwenda kutoa pesa za karo ya binamu yangu na za kununulia kitambaa cha sare za Januari. Salio halikufika. Akaomba taarifa ya benki, akaja nayo nyumbani, tukaketi mezani na kalamu nyekundu. Tukakuta mistari mitano iliyofanana, kila mmoja dola 9.99. Kwa kiwango cha karibu shilingi 129 kwa dola moja, hizo ni kama shilingi 1,290 kila mwezi, mbali na ada ya benki ya kubadilisha fedha. Kwa miezi mitano ni zaidi ya shilingi 6,400. Shangazi hulipwa shilingi 200 kwa ufundi wa sketi moja. Fanyeni hesabu: ni sketi 32 alizoshona bila malipo.

Isitoshe, jina lililokuwa kwenye taarifa halikuwa la ile programu. Lilikuwa jina la kampuni nyingine ya ng'ambo. Ndiyo maana hata arafa za benki alipozipata hakushtuka, alidhani ni ada za benki. Mwishowe tuliiandikia kampuni. Ilifuta usajili na kurudisha pesa za mwezi wa mwisho tu. Zile za miezi minne zilikwenda na maji, kwa sababu kampuni iliionyesha benki kwamba masharti yalikubaliwa siku ya kwanza.

MAMBO AMBAYO WATU HUDHANI YANATOSHA

La kwanza ni kufuta programu kwenye simu. Hili halitoshi hata kidogo. Programu ni chombo tu cha kutazamia. Kibali hakikai ndani ya simu, kinakaa kwa muuzaji. Hata Google wenyewe wanasema kwamba kuondoa programu hakufuti usajili wake. Ni kama kumfungia mchuuzi wa maziwa pazia na kumwachia mkebe.

La pili ni kuacha akaunti ikauke. Wengine husema, "Nitatoa pesa zote, watavuta nini?" Jamani, mashine haichoki. Malipo yakikataa leo, wauzaji wengi hujaribu tena baada ya siku chache, na tena. Siku mzazi anapoweka pesa za karo, ndiyo siku mashine inapozikuta.

La tatu ni kubadilisha kadi. Hili husaidia mara nyingine, lakini usilitegemee peke yake. Visa na Mastercard wana huduma ambayo benki zilizojiunga nayo huitumia kuwapa wauzaji namba mpya ya kadi ili malipo ya kawaida yasikatike. Kwa mwenye kulipia kitu anachokitaka ni msaada. Kwa asiyekitaka, kibali cha zamani kinahamia kwenye kadi mpya.

HATUA ZA KUFUATA

Sasa tuingie jikoni kwenyewe. Fuateni hatua hizi kwa mpangilio wake.

1. Mjue anayevuta. Chukua taarifa ya benki ya miezi sita hivi. Tafuta kiasi kinachojirudia karibu na tarehe ile ile. Andika jina, tarehe na kiasi cha kila mstari. Jina likiwa geni, litafute kwenye mtandao, au angalia katika baruapepe ujumbe wa kukaribishwa uliokuja siku ya kujisajili.

2. Ondoa kibali pale ulipokitoa. Kama usajili ulifanywa kupitia duka la programu la Google, fungua duka hilo, gusa picha yako juu pembeni, ingia sehemu ya malipo na usajili, chagua usajili unaohusika, kisha uufute. Kwenye iPhone, fungua mipangilio, gusa jina lako juu kabisa, halafu ingia sehemu ya usajili. Kama ulijisajili kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, lazima uingie huko huko, kwa sababu duka la programu halitauonyesha. Fanya hivi kabla ya tarehe ya kukatwa. Siku ile ile ni kuchelewa.

3. Andika. Kusema kwa simu ni upepo, maandishi ni shahidi. Tuma baruapepe kwa kampuni, kwa Kiingereza ikibidi, lakini yaliyomo yawe kama haya:

"Mimi ni mteja wenu niliyejisajili kwa baruapepe hii. Kuanzia leo, tarehe fulani, naondoa kibali changu cha nyinyi kukata pesa kwenye kadi yangu inayoishia na tarakimu hizi nne. Naomba mfute usajili wangu, mnithibitishie kwa maandishi, na mnirudishie pesa zilizokatwa tarehe fulani na fulani."

Angalieni: ni tarakimu nne za mwisho tu. Usiandike namba nzima ya kadi, wala zile tatu za nyuma. Hifadhi nakala, na upige picha ukurasa unaosema usajili umefutwa.

4. Nenda benki. Kampuni ikinyamaza, au ikiendelea kukata baada ya kufuta, beba taarifa ya benki na nakala zako uende kwenye tawi. Omba mambo mawili, tena uyatenganishe. Kwanza, benki izuie malipo yoyote yajayo ya kampuni hiyo. Pili, ujaze fomu ya kupinga malipo yaliyokwisha kukatwa. Benki yako itapeleka madai kwa benki ya muuzaji kupitia Visa au Mastercard, na muuzaji atatakiwa kuonyesha kwamba ulikubali. Usikawie, maana madai haya yana muda. Kwa Visa, muda wa kupinga malipo ya kujirudia yaliyokwisha kufutwa ni siku 120, na benki huenda ikataka uje mapema zaidi ili ipate nafasi ya kushughulikia.

Mhudumu akikuambia tu, "Badilisha kadi," mwombe kwa heshima akusaidie pia kuzuia malipo ya kampuni ile. Na uwe mkweli. Usiseme kadi imeibwa ilhali ulijisajili mwenyewe, kwani madai ya wizi na madai ya usajili uliofutwa hushughulikiwa kwa njia tofauti, na ukweli ukijulikana utapoteza yote mawili.

5. Angalia mwezi unaofuata, na ule wa pili. Usifurahie kabla ya kuona taarifa mbili zilizo safi.

Aidha, kuweni macho na matapeli. Mtu akishapoteza pesa hutokea mwingine anayepiga simu na kujifanya mfanyakazi wa benki, ati anataka namba ya siri ili arudishe zilizopotea. Benki haikuombi namba ya siri kwa simu. Akikuomba, kata simu, kisha upige mwenyewe namba iliyo nyuma ya kadi.

SHERIA INASEMAJE?

Sisi si wanyonge kabisa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Ibara ya 46, inampa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata habari anazohitaji, haki ya kulindwa kwa maslahi yake ya kiuchumi, na haki ya kufidiwa akipata hasara kutokana na kasoro za bidhaa au huduma. Iko pia Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012, ambayo inamtaka anayeuza kwa mtandao amweleze mnunuzi masharti kabla ya kukubaliana, na ampe nafasi ya wazi ya kukubali au kukataa. Benki zenyewe zinasimamiwa na Benki Kuu ya Kenya. Mteja asiporidhika na jibu la benki yake anaweza kupeleka malalamiko huko. Na tangu mwaka 2020 kanuni za Visa zinamtaka muuzaji anayetoa jaribio la bure apate kibali cha wazi na aweke njia rahisi ya kujitoa mtandaoni. Mambo haya yakitajwa kwenye barua, barua inakuwa na meno.

Shida ni kwamba muuzaji yuko ng'ambo, na si rahisi kumfikisha mahakamani akiwa huko. Lakini hata huko watu wamelalamika. Ujerumani, tangu tarehe 1 Julai 2022, tovuti inayouza usajili lazima iwe na kitufe cha kujitoa kinachoonekana wazi. Marekani, mwaka 2023, tume ya serikali inayosimamia biashara iliishtaki kampuni ya Amazon kwa kuwaingiza watu katika uanachama wa kulipia bila ridhaa yao na kuifanya njia ya kutoka iwe ngumu. Ilielezwa kwamba ndani ya kampuni njia hiyo ya kutoka iliitwa Iliad. Wapenzi wa fasihi mtaelewa: hilo ni jina la utenzi mrefu sana wa Wayunani wa kale kuhusu vita vya Troy. Yaani kujitoa kulikuwa safari ndefu kama utenzi! Mwezi wa Septemba 2025 Amazon ilikubali kulipa dola bilioni 2.5 ili kesi iishe, bila kukiri kosa, na kati ya hizo bilioni 1.5 zilikuwa za kuwarudishia wateja.

Nimelitaja hili kwa sababu moja. Watu wengi huona haya kusema kwamba wamekatwa, wakidhani wataonekana wajinga. Kama mamilioni ya Wamarekani, waliozaliwa na Kiingereza mdomoni, walinaswa na njia hizo, basi mzazi wako hana la kuonea haya.

KINGA NI BORA KULIKO TIBA

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Nyumbani kuwe na daftari moja la usajili. Siku mzazi anapojaza kadi mahali popote, andikeni jina la kampuni, bei kwa shilingi, na tarehe ya kukatwa kwa mara ya kwanza. Weka kengele ya simu siku mbili kabla ya tarehe hiyo. Au fanya kama anavyofanya shangazi sasa: ukijisajili kwa jaribio la bure, jitoe siku ile ile. Mara nyingi utaendelea kutumia mpaka siku zako ziishe. Soma masharti kabla ya kujitoa, kwa maana wapo wanaokufungia papo hapo.

Njia nyingine ni kutotumia kadi ya akaunti ile yenye pesa za karo. Zipo kadi zisizoshikika, za kwenye simu tu, mfano ile ya M-Pesa na Visa iliyoanzishwa mwaka 2022. Kadi ya namna hiyo huvuta kwenye salio la M-Pesa, nawe waweza kuisimamisha ukiwa na simu yako.

Na wewe usiye na kadi wala mzazi mwenye kadi, usicheke bado. Zile huduma za arafa za vichekesho, za matokeo ya kandanda na za nyimbo za mwito zinazokula kredi kidogo kidogo kila siku ni ndugu wa makato haya. Dawa yake ni ile ile: jua anayekata, ondoa kibali kwa kutuma neno la kujitoa kama walivyoeleza, na yakiendelea pigia simu kituo cha huduma kwa wateja cha mtandao wako.

Bandu bandu huisha gogo. Gogo la mti ukilikata kipande kimoja leo na kingine kesho, hutaona likipungua mpaka siku unapolitafuta ulikalie. Basi leo jioni ukifika nyumbani, muulize mzazi au mlezi wako kwa adabu kama ana kadi, na kama angependa muisome pamoja taarifa ya benki. Beba kalamu nyekundu.